Albamu Iliyorekodiwa Ndani ya Eda

Mtu akikuambia kazi ngumu ya muziki ni kutunga, mwulize kama amewahi kualika mwimbaji kwenye nyumba yenye mfiwa. Mimi nimewaalika, tena si mmoja, na hadi leo nikisikia mtu anavuta kamasi karibu na maikrofoni damu inanichemka.

Bendi yetu ni ya watu wawili. Mimi napiga vinanda na kuendesha kompyuta. Mwenzangu, mwanamume wa Lugoba mwenye vidole virefu na uvumilivu mfupi, anapiga gitaa la umeme. Albamu mbili za mwanzo tulizitengeneza kwa mashine tupu, bila sauti ya binadamu hata ya kukohoa, na tukajiona tumefika. Watu wa Bagamoyo walizisikiliza kwa adabu, kama wanavyosikiliza hotuba ya mgeni rasmi, kisha binamu yangu akaniuliza kama ile sauti ya wimbo wa tatu ni friji au jenereta.

Mwenzangu alikasirika kuliko mimi. Akasema albamu inayofuata itakuwa ya roki: magitaa mbele, mashine nyuma, na kila wimbo utakuwa na mwimbaji wa kushirikishwa, ili watu wasikie koo la mtu. Na isipokamilika kabla ya Ramadhani, akasema, anaachana na muziki, anakwenda kuendesha lori la kokoto la kaka yake, na mimi nibaki na mafriji yangu. Mtu wa Lugoba akitaja kokoto ujue hatanii. Nikakubali, maana bila gitaa lake hakuna bendi, kuna mwanamke mmoja na nyaya.

Tulipokuwa tumeshamaliza kurekodi magitaa, baba akafariki.

Alikuwa mtu mzima, aliugua, Mungu akamchukua. Alikuwa na duka la vitambaa katika chumba cha mbele cha nyumba yetu, mlango mmoja barabarani na mwingine, wa pazia, ukiingia ukumbini. Alipougua duka lilifungwa, ila majora yalibaki kwenye rafu hadi juu darini: satini, poplini, kitambaa cha sare za shule. Yeyote aliyewahi kurekodi atakuambia kwamba chumba kilichojaa nguo ni bahati ya mtende, kwa sababu sauti haidundi ukutani ikakurudia. Studio za Dar wanagongelea magodoro. Sisi tulikuwa na poplini, na baba mwenyewe alikuwa ametupa ruhusa kwa sharti moja tu, kwamba kijana wa watu asije akafutia gitaa lake satini.

Baada ya mazishi nilimwambia mwenzangu tutafute mahali pengine. Mama alikuwa ameingia eda, na eda ya mjane kwetu ni miezi minne na siku kumi. Hatoki, hajipambi, hajitii manukato, haonani na wanaume wasiokuwa maharimu zake, yaani ndugu wasioweza kumwoa. Utamwekaje mtu katika hali hiyo, kisha upande wa pili wa pazia upige roki? Mama ndiye aliyekataa tuhame.

"Eda ni yangu," alisema, "si ya mashine zenu. Fanyeni kazi. Ila huo mziki usisikike nje, watu wasije wakasema nyumba hii haina haya."

Hilo halikuwa tatizo. Muziki wote ulikuwa ndani ya kompyuta, na sisi tunausikia kwa hedifoni, zile spika za kuvaa masikioni. Anayepita barabarani hasikii kitu, isipokuwa sauti ya mwimbaji peke yake. Hili la mwisho sikulifikiria sawasawa, na lilikuja kunitoa jasho.

Lakini nianze na kilio. Pwani huwezi kuingia nyumba yenye mfiwa ukapita hivihivi, kana kwamba unakwenda kununua sukari. Hata kama msiba una miezi, kama hujampa mfiwa mkono wa pole unamhani kwanza, ndipo unaeleza kilichokuleta. Naijua desturi hii, nimelelewa nayo, na ningemcheka mtu asiyeijua. Hata hivyo, nilipokuwa nikiwapigia simu waimbaji na kupanga siku, haikunijia kabisa kwamba kila mmoja wao, kabla ya kuimba, atapita kwanza kwa mama akalie.

Wa kwanza alikuwa rafiki yangu wa shule, anayeimba kwenye maharusi hapa mjini, sauti ya kinanda hasa. Hesabu mwenyewe aliwasili saa ngapi: asubuhi, chai bado ya moto. "Ngoja nimhani bi mkubwa, dakika tano tu," akasema, akavua viatu, akapita pazia. Nikaweka maikrofoni sawa. Nikaipangusa. Mwenzangu akafungua kitumbua, akakila, akafungua cha pili. Adhana ya adhuhuri ikatukuta tumekaa vilevile.

Alipotoka macho yalikuwa yamevimba kama aliyeumwa na nyuki, na pua imeziba. Mama alikuwa amemsimulia asubuhi ya mwisho ya baba, jinsi alivyoomba mti wake wa kupimia vitambaa, akapima shuka aliyokuwa amelalia, akamwambia mama kwamba muuzaji amemwibia nusu yadi. Hadithi hiyo ukiisikia kwa ndugu zangu ni ya kuchekesha. Mama akiisimulia hakuna atokaye na macho makavu.

"Tuimbe," rafiki yangu akasema.

Akaimba kama mtu aliyetumbukia mtungini. Mwenzangu alivua hedifoni taratibu, akaziweka juu ya poplini, akatoka nje kuangalia barabara. Nikamwambia rafiki yangu haidhuru, aje Jumatatu. Jumatatu akaja, na kwa kuwa alishahani nilidhani tumepona. Akapita tu kumjulia mama hali, akatoka amekunywa juisi ya mabungo ya barafu birika zima na kutafuna korosho za kukaanga sahani nzima, koo linakwaruza kama mlango wa banda. Ilibidi arudi mara ya tatu.

Nilimlalamikia mama. Nilimwambia, kwa heshima zote, kwamba hawa watu wamekuja kazini.

"Mgeni aingie kwangu atoke mdomo mkavu?" mama akaniuliza. "Baba yako yuko kaburini, nyumba nayo iwe kaburi?"

Mtu hashindani na mjane, hasa mjane ambaye ni mama yako, na hasa anaposema maneno ya kweli. Nikarudi dukani na kuvaa hedifoni zangu. Wakati huo arobaini ilikuwa imeshapita. Ndugu waliotoka Vigwaza na Dar walikuwa wamesharudi makwao, na majirani wamepungua, kama ilivyo kawaida, kila mtu ana shughuli zake. Mimi nilikuwa mule mule ndani kutwa, ila masikio nimeyaziba.

Mwimbaji wa pili alikuwa kijana wa Dar, nywele rangi mbili, suruali imechanika magotini kwa makusudi. Tulimtaka kwa ajili ya wimbo mzito kuliko yote, ambao mwisho wake mwimbaji anapiga ukelele mrefu, gitaa likilia naye. Nilijipa moyo kwamba huyu ni mwanamume na si maharimu, haingii ndani, atatoa pole kwa maneno mawili akiwa upande wetu wa pazia na yaishe.

"Shikamoo mama. Pole sana kwa msiba."

"Marahaba, mwanangu. Tushapoa. Umetoka Dar leo hii hii? Na mama yako hajambo?"

Ikawa mama yake mzima, ila baba yake alifariki mwaka jana. Hapo nikajua siku imeharibika. Mama akavuta mkeka karibu na pazia. Kijana akaketi chini upande huu, na mti wa kupimia vitambaa ukaanza kusimuliwa upya. Hawaonani, lakini wanaliliana. Mwishowe jamaa alikuwa ameegemeza paji la uso kwenye jora la satini, mabega yanatikisika, na sinia la juisi na achari ya embe likapitishwa chini ya pazia, barafu inagongana ndani ya jagi.

"Sista, mzuka umekata," aliniambia alipoinuka. "Mama yako ananimaliza."

Mwenzangu akasema ukelele hauhitaji koo safi, turekodi huo huo. Kwa mara ya kwanza nikaona ana akili. Tukamsimamisha kijana katikati ya majora, tukampa hedifoni, na wimbo ulipofika mwisho akafumba macho akapiga kelele zote alizokuwa nazo. Sisi tuliusikia ukelele huo juu ya gitaa, juu ya ngoma, na ulikuwa mzuri mno hata nywele zilinisimama. Barabarani walisikia mwanamume anapiga yowe ndani ya nyumba ya mjane.

Walikuja mbio. Wa kwanza mama muuza mihogo, kanga imeshapandishwa kichwani tayari, anasema inna lillahi. Nyuma yake nusu ya mtaa. Mmoja alikuwa amebeba sufuria kubwa, maana uzoefu umemfundisha kwamba msiba unataka maji ya moto kabla ya yote.

"Nani tena?" wakauliza. "Nani?"

"Hakuna aliyekufa," nikasema. "Ni roki."

Walinitazama, wakamtazama kijana na suruali yake iliyochanika, ambayo kwa hali ile ilionekana ameichana kwa uchungu. Kisha kwa kuwa wameshafika na vichwa vimeshafunikwa, wakaingia kumwona mama. Mama alicheka siku ile. Niliusikia mcheko wake hata kupitia hedifoni, nikaudhika, kwa sababu ulikuwa umeingia kwenye maikrofoni. Walikaa hadi alasiri, na mimi ndiye niliyewapikia chai, hedifoni shingoni, waya unaburuzika hadi jikoni.

Baada ya hapo walipita na wengine, kila mmoja na kilio chake, tukabaki na wimbo mmoja, na huo ndio uliokuwa moyo wa albamu. Gitaa la mwenzangu humo linatembea polepole, lina uchungu, halina haraka. Wimbo ulimhitaji mwanamke mtu mzima, wa taarabu, anayejua kuvuta neno mpaka likuume. Tulimpata bibie wa Pangani, ambaye alikubali baada ya kuuliza mara nne kama magitaa yetu yana adabu.

Safari yake ya kwanza alilia. Hilo nilishalizoea, nikalihesabu kama nauli.

Safari ya pili nilikaa mlangoni makusudi, nikamsikia akimwambia mama, "Dada, mimi leo silii, nimekatazwa na mwanao." Nikashukuru Mungu. Kumbe hawakulia, waliimba. Mama katika ujana wake, kabla ya kuolewa, aliimba katika kikundi cha taarabu cha wanawake, na bibie alipomchokoza kidogo zikaanza kutoka nyimbo za zamani, moja baada ya nyingine, kwa sauti ya chini, ya watu waliokaa mkekani. Bibie aliitikia, akapokea, akapanda juu, akashuka. Sauti niliyoifuata hadi Pangani ikamwagika yote ukumbini, hakuna maikrofoni, na aliposimama mbele yangu alikuwa amebaki na makapi.

Mwenzangu alikunja waya wa gitaa lake, akaukunja vizuri kupita kawaida, akauweka begini.

"Dada," akasema, "mimi siwezi tena. Ramadhani hiyo inaingia. Akija mara nyingine isipokaa sawa, mimi niko kwenye lori."

"Itakaa," nikamwambia.

"Nimeshalisikia hilo."

Kwa hiyo mara ya tatu nilijipanga kama anayevizia mwizi. Nilimpokea bibie stendi mimi mwenyewe. Nilimpitisha mlango wa barabarani moja kwa moja hadi dukani, nikashusha pazia na kulibana kwa pini. Nilimpa maji ya tangawizi ya uvuguvugu. Nikamwambia kwamba mama amelala kidogo. Mungu anisamehe, mama alikuwa jikoni, nasikia kinu. Bibie alisita, akasema si vizuri, nitaonekanaje, walau nibishe hodi. Nikamwambia tuimbe kwanza, hodi baadaye. Nilikuwa nimefikia mahali ambapo mtu anakanyaga desturi za kwao kwa miguu miwili.

Akavaa hedifoni juu ya mtandio. Mwenzangu akaniashiria. Nikaubonyeza wimbo uende.

Sijui nisemeje. Aliimba mara moja, toka mwanzo hadi mwisho, na hakuna mahali nilipotamani arudie. Kwenye ubeti wa mwisho alilivuta neno, akaliacha hewani, gitaa likamfuata nyuma, kisha vikanyamaza pamoja. Mwenzangu alikuwa na machozi, yeye ambaye kwa miezi yote ile aliwatukana wanaolia. Nikahifadhi rekodi. Nikaihifadhi na mahali pa pili. Albamu imeisha, nikajisemea, na Ramadhani bado, na hakuna atakayeendesha lori la kokoto.

Nikatoa pini kwenye pazia, nikaingia ndani kumpa mama habari.

Alikuwa ametandika ule mkeka mzuri, wa ukindu wa rangi, unaotolewa Idi. Sahani nne zimepangwa, moja karibu na pazia, ya kumpitishia mwenzangu. Jagi la mabungo katikati, limefunikwa kitambaa chenye shanga pembeni ili nzi wasiingie, na jasho la barafu limelowesha sinia. Korosho, achari, na kibakuli cha pilipili ya kusaga. Yeye mwenyewe amekaa mwisho wa mkeka, amebadilisha kanga, mikono juu ya magoti, anatazama pazia lililokuwa limebanwa.

Nilisimama pale, nikaitazama ile korosho. Nilipokuwa mdogo naimba kwenye maulidi ya madrasa, mwanamke huyu huyu alinipokonya korosho mkononi. Usile vikavu vya mafuta, vinashika kooni. Usinywe cha barafu. Achari mwiko. Na usilie, ukilia umeshaimba. Alinifundisha hayo yote yeye, mtoto wa taarabu, kabla sijajua kusoma. Hakuna kitu kinachoharibu sauti ambacho hakijapita kwenye sinia lile. Na kila sauti iliyoharibika ilirudi tena, Jumatatu, wiki ijayo, mwezi ujao, ikavua viatu mlangoni na kusema hodi.

Nilipandwa na hasira, sitaficha. Miezi yote! Nauli zote, na mwenzangu nusura anikimbie! Nikafungua mdomo nimwambie.

"Ameimba?" mama akauliza.

"Ameimba."

"Basi imekwisha." Akainua kile kitambaa cha shanga, akakirudisha palepale. "Hawatakuja tena, hao wenzenu."

Eda yake ilikuwa bado ina wiki kadhaa. Nikatazama ukumbi, mkeka, sahani nne. Nyumba ilikuwa kimya, na sikuwa na hedifoni.

"Haikukaa," nikasema. "Pale mwishoni katoka nje ya gitaa. Itabidi arudi Alhamisi."

Mama aliniangalia. Alikuwa amekaa hatua chache tu kutoka kwenye lile pazia, na masikio yake ni ya mwimbaji. Alisikia kila neno na alijua, kuliko mimi, kwamba mwishoni hakukuwa na kosa hata la kope.

"Nilisikia," akasema taratibu. "Pale mwishoni. Kapungukiwa pumzi."

"Ndiyo."

"Alhamisi nitampikia pweza."

Nikarudi dukani. Nilimwambia bibie wa Pangani haikukaa sawa, arudi, na sasa aingie ndani akabishe hodi yake. Mwenzangu alinitazama kama mtu anayetazama mbuzi juu ya mnazi. "Umechanganyikiwa?" akaniuliza. Nikamwambia rekodi ipo, ni nzuri, hakuna wa kuifuta, na lori lisubiri, kisha nikamwonyesha pazia kwa kidevu. Alisikiliza kidogo zile sauti mbili za ndani, zimeshaanza kuamkiana na kucheka. Akafungua begi lake, akatoa tena waya.

Nikaingia kumhudumia mgeni. Bibie akasema anaogopa baridi, ana koo. Nikaitia glasi yake mabungo hadi juu, nikaongeza barafu, nikamshika mkono nikamwambia anywe yote.